Uzi maalumu: Wauza vitabu vya zamani Arusha na Moshi, vijitabu vyembamba vinatupotea

Mleta mada (Arusha mjini)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo nataka tulizungumze, sisi tunaoishi kwa kuuza vitabu vilivyokwisha kusomwa, pamoja na ninyi mnaotununulia na mnaotuuzia.

Mara nyingi mtu ananijia na Biblia ya Kiingereza yenye jalada la ngozi, au ensaiklopidia kamili kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akiamini amebeba mamilioni. Chini kabisa ya boksi hilohilo kuna kijitabu cha kurasa hamsini au sitini, jalada la karatasi, pini zimeota kutu. Amekitia humo kwa sababu hakuwa na pa kukiweka. Mimi natoa macho kwenye ile Biblia nainama kukitafuta kile kijitabu.

Sababu ni hii. Biblia na ensaiklopidia zilichapwa kwa wingi mno, na watu walizitunza kwa heshima, kwa hiyo zipo kila mahali. Kijitabu kilichapwa kitumike. Kilipita mikononi mwa darasa zima, kikaazimwa, kikachanwa, kikawashiwa moto. Idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, ilianzishwa mwaka 1948 na kuchapa vitabu vya bei ya shilingi na senti, vingi vya mwanzo vikiwa na jina la Eagle Press. Humo ndimo alimopita Mathias Mnyampala na kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954. Humo wasomaji walikutana na mpelelezi Bwana Msa wa riwaya za Muhammed Said Abdulla mwaka 1960, na *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla mwaka 1965. Niambieni nyumbani kwa nani leo utaikuta chapa ya kwanza ya mojawapo ya hivyo, ikiwa na jalada lake.

Ongezeni mitambo ya misheni: Vuga kule Lushoto, Ndanda, Peramiho, na ile ya Tabora. Hao walichapa nyimbo, kalenda, masomo ya kilimo, maadili ya ndoa, maisha ya watakatifu. Kisha njooni hapa hapa mjini kwetu. Azimio la Arusha lilipitishwa Januari 1967 na kutangazwa Februari 5, na vijitabu vyake vilisambazwa mashuleni, matawini na makazini nchi nzima. Mtu angedhani Arusha viko tele. Mimi navipata kwa shida, na nikikipata huwa kimeandikwa hesabu za duka kwenye ukurasa wa nyuma. Hizo hesabu sizifuti, maana nazo ni habari.

Vinakwenda wapi? Vinapimwa kwa kilo. Mzee akifariki, watoto wanakuja kutoka Dar kwa wiki moja ya msiba, nyumba inatakiwa ipangishwe, na makaratasi yote anaitiwa mtu mwenye mzani. Kutoka hapo yanaishia kwa wauza karanga na maandazi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, naona karatasi za kufungia zinatafutwa kuliko zamani. Simlaumu mama muuza maandazi hata kidogo, yeye anatafuta riziki. Nasema sisi tunaojua tunatakiwa tufike kwenye hiyo nyumba kabla ya mzani.

Watu wanadhani kazi yetu ni kukaa kwenye meza na kungoja mteja. Kuuza ni sehemu ndogo. Kazi ni kununua: kujua mwalimu gani amestaafu, shirika gani linafunga ofisi, nani anahama nchi. Arusha ina bahati yake katika hili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa na makao yake hapa hadi ilipovunjika mwaka 1977, kisha ikaja Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda, iliyofungwa mwisho wa mwaka 2015. Ndiyo maana hadi leo kwenye maboksi ya Njiro unakutana na riwaya za Kifaransa na vitabu vya sheria vizito kama tofali, vyenye majina ya watu waliokwishaondoka zamani.

Nataka kusikia wenzangu mnafanyaje. Nawasilisha.

---

Mdau wa Moshi (vitabu na nguo, soko la Memorial)

Mkuu, umegusa penyewe, ila kwenye vitabu vikubwa sikubaliani nawe. Hapa Moshi mteja wangu wa kudumu ni mtu mzima wa Kichagga anayetafuta ukoo wake. Anataka kitabu cha Charles Dundas cha mwaka 1924 juu ya Kilimanjaro na watu wake. Anataka historia ya Wachagga ya Kathleen Stahl ya mwaka 1964. Wachungaji wanamuulizia Bruno Gutmann, yule mmisionari wa Kilutheri aliyekaa Old Moshi miaka mingi na kuandika kwa Kijerumani sheria na mafunzo ya jadi yetu, majuzuu mazitomazito. Hivyo vyote vilichapwa Ulaya, ni vinene, na kwangu ni adimu kuliko kijitabu chochote cha TANU. Nikipata kimoja hakilali mezani.

Halafu usisahau lile toleo maalumu la Kilimanjaro, namba 64 ya mwaka 1965, la jarida lililoanza mwaka 1936 kwa jina la *Tanganyika Notes and Records*. Waongoza watalii, walimu wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wazee wa kahawa, wote wanalitaka. Mlima, mashamba na historia viko humo pamoja.

---

Mleta mada

Mkuu wa Memorial, nashukuru. Hapo unazungumzia kitabu kinachotafutwa, na ni kweli kabisa kinatafutwa. Mimi nazungumzia kitabu ambacho kikipotea hakirudi. Gutmann yuko kwenye maktaba za Ujerumani, amewekwa vizuri, mtafiti akimtaka atampata. Dundas yuko London. Lakini Komkya, gazeti la Wachagga la miaka ya 1950, nikupe mfano huo wa kwenu. Nani amekaa na mfululizo wake nyumbani? Na kile kitabu cha Petro Itosi Marealle juu ya maisha ya Mchagga hapa duniani na ahera, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Mchagga mwenyewe akiwasimulia wenzake? Mteja wako anayetafuta ukoo angekisoma bila mkalimani.

Uza vyote viwili, ila ukiwa na mtaji wa kununua boksi moja tu kati ya mawili, nunua lile la Kiswahili.

---

Mwongoza watalii (Sakina)

Naomba kuongezea upande wa wanunuzi. Sisi madereva na waongoza watalii tunawapa hela nyingi ninyi watu na hamtutaji. Mgeni anakuuliza ndege yule ni nani, huwezi kumwambia subiri nitafute mtandao, porini hakuna mtandao. Kitabu cha ndege wa Kenya na Tanzania Kaskazini cha Zimmerman, Turner na Pearson cha mwaka 1996, kikiwa kipya bei yake inauma. Changu nilikinunua kimetumika, jalada limeachia, kina alama za penseli za mtu aliyekuwa anaweka tarehe kila alipomwona ndege. Zile alama zimenifundisha kuliko kozi: mwezi gani utegemee nani na wapi. Na kile cha Richard Estes cha tabia za wanyama, vijana wa Mweka wanakigombania.

Ombi langu: msifute maandishi ya wenyewe.

---

Mdau, mkutubi

Habari zenu. Nimesomea ukutubi Bagamoyo, na leo nafanya kazi maktabani. Mjadala ni mzuri ila kuna jambo mmelipita. Vitabu vingi mitaani vina mihuri. Muhuri wa shule, wa chuo, wa maktaba ya mkoa. Mnauliza vimetokaje huko?

Maktaba hupunguza vitabu kihalali, na hapo kitabu hupigwa muhuri au kuandikwa kwamba kimeondolewa. Kisipokuwa na alama hiyo, kuna mtu ameazima hakurudisha, au ameiba. Na makaratasi ya serikali, majalada ya wilaya, barua za mkuu wa shule za miaka ya 1950, hayo si bidhaa. Kuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na nyaraka za serikali zina mahali pake pa kwenda. Mkinunua faili la boma kwa sababu limeandikwa kwa mashine na lina muhuri mzuri, mnakata kumbukumbu ya nchi vipandevipande.

---

Mleta mada

Dada mkutubi, asante, na nakuunga mkono bila kusitasita. Utaratibu wangu uko hivi, na wenzangu naomba mfikirie kuufuata.

Muhuri wa shule iliyo hai, bila alama ya kuondolewa: sinunui, namwambia aliyeleta arudishe, na pale ninapoweza napiga simu shuleni mwenyewe. Shule iliyokufa au kubadilika jina zamani: nanunua, lakini naandika kwenye daftari kimetoka kwa nani na lini. Nyaraka za serikali: sigusi, namwelekeza mwenye nazo. Vitabu vya marehemu: nauliza kwanza msimamizi wa mirathi ni nani, nazungumza na huyo. Kijana akija peke yake na boksi la baba saa mbili usiku, naomba nionane na mama yake. Nimepoteza mizigo mizuri kwa kuuliza hivyo, na nitaendelea kuuliza.

Daftari ni la muhimu mno kwetu. Kitabu kilichotoka kwa mwalimu wa Marangu aliyekitumia kufundishia kina hadithi, na hadithi hiyo mnunuzi makini anailipia. Kisipoandikwa, kinakuwa kitabu tu.

---

Kijana (Moshi, Majengo)

Shikamooni wakubwa. Nimemaliza chuo, kazi sijapata, napenda vitabu. Nianze na nini? Na nitajuaje kitabu ni cha lini kama hakina tarehe?

---

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Nikujibu kwa urefu kidogo, maana swali la pili ndilo linalotofautisha muuzaji na mbebaji.

La kwanza: usianze na vitabu vya kale. Vitakuacha na njaa. Kinacholipa kodi ya fremu ni vitabu vya shule, vitabu vya dini, riwaya za fasihi zinazosomwa kidato cha nne na cha sita, na hadithi za watoto. Hapo napo kuna hatari yake. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 ulianza kutumika Januari 2024, na kila orodha ya vitabu inapobadilishwa kuna mtu mtaani amelala na mzigo usio na mnunuzi. Kwa hiyo usijaze stoo kwa kichwa kimoja cha kitabu hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Na nakala za kudurufu za vitabu vya watu walio hai, kaa nazo mbali. Mwandishi wetu anapata kidogo mno, usimle na hicho.

La pili, tarehe. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina, soma yote, hasa mstari unaosema kimechapwa tena mara ngapi. Kama hakuna kitu, tazama dalili. Anwani ikisema Tanganyika, kuna uwezekano mkubwa ni cha kabla ya mwisho wa 1964. Namba ya kitabu ya kimataifa, ISBN, ilianza kuenea miaka ya 1970, na za Tanzania zinaanza na 9976 au 9987, ambapo 9976 ndiyo ya zamani zaidi. Namba ikiwa na tarakimu kumi na tatu, ikianza na 978, kitabu hicho au chapa hiyo ni ya karibu 2007 na kuendelea. Ukiona 978 kwenye kitabu ambacho mtu anakwambia ni cha Uhuru, mrudishie kwa upole.

Jifunze pia vitabu vichache kwa undani. Mfano mzuri ni tafsiri za Mwalimu Nyerere za tamthilia za Shakespeare. Ile ya kwanza ya mwaka 1963 jalada lake linasema *Julius Caezar*. Aliipitia upya, na ya mwaka 1969 inaitwa *Juliasi Kaizari*. Mwaka huohuo ikatoka *Mapebari wa Venisi*. Wanaojua huangalia jina kwenye jalada tu na wanajua wameshika ipi. Vivyo hivyo kwa Shaaban Robert. *Kusadikika* ya Nelson ya mwaka 1951 na zile zilizochapwa kwa ajili ya shule miaka ya baadaye zina maneno yale yale, lakini kwa mkusanyaji ni vitu viwili.

Na usisahau mtoto wa nyumbani. Peter Palangyo alikuwa Mmeru, riwaya yake ya Kiingereza ya mwaka 1968 ilitoka kwenye mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, ule wa majalada ya rangi ya chungwa. Huku kwetu ingepaswa kuwa kwenye kila nyumba. Ukiikuta, ninunulie mimi, sitabishana bei.

---

Mdau (Dar, lakini Arusha nyumbani)

Kwa nini msiweke kila kitu mtandaoni mkauza Ulaya na Marekani? Mnahangaika na shilingi elfu tatu wakati huko kuna watu wa kulipa dola mia.

---

Mleta mada

Mkuu, wapo wanaofanya na sipingi. Nitaje mambo mawili.

Kwanza, kumtegemea mwenye mtandao ni kumtegemea mwenye nyumba. AbeBooks, mtandao wa kuuzia vitabu, ilianzia Kanada katikati ya miaka ya 1990, kwa ajili ya wauzaji wadogo wa vitabu vya zamani, na mwaka 2008 ikanunuliwa na Amazon. Novemba 2018 iliwatangazia wauzaji wa nchi kadhaa, Hungaria, Jamhuri ya Cheki, Korea Kusini na Urusi zikiwemo, kwamba haitawahudumia tena. Wangefanya nini wale wachache peke yao? Waliokolewa na wenzao. Wauzaji karibu 600 kutoka nchi 27 waliondoa vitabu vyao kwenye mtandao ule kwa hiari, mamilioni ya vitabu, wengine wakiwa hawaguswi kabisa na uamuzi huo. Baada ya siku chache kampuni ilirudi nyuma ikaomba radhi. Wauzaji wale wana umoja wao wa kimataifa uliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajuana kwa majina, wanaambizana kitabu kikiibwa. Sisi Arusha na Moshi tuko umbali wa saa mbili kwa basi na hatuna hata orodha ya simu zetu. Nalisema hili kwa uchungu.

Pili, kijitabu cha pekee kikienda nje, hakirudi. Mimi kwanza namuuliza mkutubi wa hapa kama wanacho. Kisha naangalia mnunuzi wa hapa nchini. Kikishindikana, napiga picha kurasa zote, ndipo namuuzia mgeni, na namwandikia kilikotoka.

---

Mdau (Machame)

Huku kwetu masika yakikolea, kitabu kinaota ukungu ndani ya kabati. Na wadudu wale wa fedha wanakula gundi ya mgongo. Mnatumia nini? Mimi naweka vidonge vya nondo lakini harufu haitoki.

---

Mdau, mkutubi

Vidonge vya nondo acha, vina madhara kwa mtu anayelala kwenye chumba hicho. Kwa wadudu: funga kitabu ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Ukikitoa usiufungue mfuko hadi kipoteze ubaridi wote, la sivyo umande utakilowesha. Kwa ukungu: usifute kikiwa kibichi. Kikaushe kwanza kivulini penye upepo, kisha tumia brashi laini ukiwa nje na umefunika pua. Kabati lisiguse ukuta, na rafu ya chini iache wazi kwa ajili ya mchwa. Na tafadhalini, selotepu hapana. Gundi yake inageuka kahawia na kula karatasi, na kuitoa ni kazi ngumu mno.

---

Mwalimu mstaafu (Old Moshi)

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nina maboksi manne ya vitabu vya kufundishia, nakala kadhaa za gazeti la *Mambo Leo* alizoniachia baba yangu, na magazeti ya Kichagga yamekunjwa ndani ya sanduku la bati. Wanangu wameniambia niyachome, yanaleta panya. Nifanye nini?

---

Mleta mada

Shikamoo mwalimu. Tafadhali usichome kitu, na wala usivisafishe bado.

Magazeti usiyakunjue kwa nguvu. Karatasi ile ni kavu, itakatika kwenye mikunjo. Liache sanduku kama lilivyo, lisogeze tu mbali na ukuta na sakafu, weka matofali mawili chini yake. *Mambo Leo* ilianza mwaka 1923, kwa hiyo ukiweza soma tarehe ya juu ya kila nakala uziandike kwenye karatasi pembeni, bila kuzipanga upya. Kama baba aliandika jina lake au barua zake zimo katikati ya kurasa, ziache zilipo.

Mdau wa Memorial yuko karibu nawe kuliko mimi, na dada mkutubi naomba naye aje. Tutapanda wote watatu siku utakayotupangia, wanao wawepo, tuyatazame mbele yao. Vitabu vya kufundishia tutakupa bei kwa kimoja kimoja, si kwa kilo. Magazeti hatutayanunua siku hiyo. Kwanza dada aangalie yapi hayapo kwenye maktaba zetu, yapigwe picha, kisha wewe na familia muamue yakae wapi. Nitumie ujumbe wa faragha unieleze njia: baada ya Kiboriloni nishukie wapi?